Bega langu, ng'ombe wangu na ile wiki ya tisa

Kilichoniumiza ni kamba. Naanza na hilo kabla ya habari za hospitali maana najua wapo wanaosoma hapa wana ng'ombe nyumbani na kesho asubuhi watamshika vilevile nilivyomshika mimi, kamba umeizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono ili isikuponyoke. Bora ingeniponyoka.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka jana. Mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, alikuwa kwenye joto, amelia usiku kucha, na bwana mifugo anayepandisha kwa mirija ya mbegu simu yake haipatikani, na ukichelewa joto la ng'ombe linapita ndani ya siku moja unasubiri tena wiki tatu, basi nikasema nimpeleke mwenyewe kwa jirani mwenye dume, si mbali, dakika kumi kushuka. Sisi tuko Machame, Kilimanjaro, njia zetu ni zile za udongo mwekundu zinazopita katikati ya migomba, upande mmoja kingo upande mwingine mfongo, yaani mfereji wa maji. Bodaboda akatokea kwenye kona akapiga honi, mtamba akaruka mbele, mi nikabaki pale pale ila mkono ukaenda naye. Sikuanguka hata. Nilisikia ndani ya bega kitu kama kitambaa kinachanika, halafu joto, halafu mkono ukawa mzito kama sio wangu. Mtamba walikuja kumkamata vijana huko chini, mi nimekaa kwenye kingo za mfongo nimeshika bega, jasho linanitoka la baridi.

Nilichofanya baada ya hapo ndo kinaniuma kuliko hata bega lenyewe. Nilienda kituo kimoja cha afya nikapigwa eksirei, wakasema mama mfupa ni mzima kabisa, nenda nyumbani meza diklofenaki na upake dawa ya kuchua. Na kweli mfupa ulikuwa mzima. Lakini eksirei inaonyesha mfupa, kano, ile inayofunga msuli kwenye mfupa, haionyeshi, na hamna aliyeniambia hilo na mimi sikujua kuuliza. Nikaenda kwa mama mmoja anayekanda, akaniambia bega limeshuka, akanivuta kwa mafuta ya moto mara tatu wiki mbili mfululizo, nalia, halafu narudi nyumbani nakamua ng'ombe. Ikapita Julai, Agosti, kahawa ikaiva nikachuma kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umening'inia pembeni. Usiku siwezi kulalia upande ule. Kuanika nguo siwezi. Nikitaka kuupandisha mkono naushika kwa mkono mwingine naupandisha mpaka juu, nikiuachia unaanguka wenyewe. Kama una jambo hilo, kwamba mkono ukipandishwa na mwenzake unafika ila wenyewe hauwezi kukaa huko juu, tafadhali usipeleke kwa mkandaji, tafuta mtu wa mifupa.

Aliyeniokoa ni binti mmoja wa fizio, wale wa mazoezi ya tiba, na wala sikwenda kwa ajili yangu. Nilimsindikiza mama mkwe kwenye mazoezi ya goti, mwezi wa kumi na moja huo, nikainuka kumshushia pochi yake kwenye shelfu nikaishusha kwa mkono wa kushoto, yule binti akaniangalia akasema, "Mama, samahani, huo mkono mwingine una nini?" Nikamwambia ni uzee tu, nina miaka 51. Akasema njoo. Akaninyooshea mkono mbele kidogo pembeni, kidole gumba kimeangalia chini, akasema nikiusukuma chini wewe zuia. Aliweka vidole viwili tu. Mkono ulishuka kama hauna mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akaandika kikaratasi.

MRI, picha inayoonyesha hata kano, tukapiga Moshi mjini. Daktari akanieleza vizuri sana na mimi nitajaribu kueleza hivyo hivyo: bega lina misuli minne midogo inayolishika, kila mmoja una kano yake, na hizo kano zinafunika kichwa cha mfupa wa mkono kama kiganja kinavyoshika yai. Yangu ya juu ilikuwa imeng'oka yote kwenye mfupa na imerudi nyuma kama sentimita mbili. Na kwa vile nilikaa nayo miezi mitano, msuli wake ulishaanza kukonda na kuingia mafuta, na ukikaa sana unafika mahali hata wakikupasua kano haivutiki kurudi. Hapo nililia. Sio kwa kuogopa kisu, nililia zile wiki mbili za mafuta ya moto.

Mi nilikuwa na swali moja tu kwa daktari, lini nitakata majani. Akaniuliza kwani unafanya kazi gani, nikamhesabia. Ng'ombe wa maziwa anakula majani mabichi kama asilimia 10 ya uzito wake kwa siku, wetu ana kama kilo 400, kwahiyo ni kilo 40, na mtamba naye ana zake, yote hiyo inakatwa kwa panga, inafungwa, inapandishwa kichwani kutoka bondeni. Maji ni ndoo, kila ndoo lita 20 na wanakunywa ndoo tatu nne. Kukamua asubuhi na jioni. Samadi kuzoa. Mgomba ukikatwa ndizi unabebwa. Hapo sijamenya wala sijafua. Daktari aliweka kalamu chini. Akasema mama, wiki sita mkono umefungwa, haufanyi chochote. Mpaka wiki ya 12 mkono huo haubebi kitu kinachozidi kikombe cha chai. Kazi za shamba nzito ni miezi sita, na ukiharibu hapo katikati kushona mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Nikarudi na daladala nahesabu kwa vidole. Nikipasuliwa Januari, mkono unafunguliwa mwisho wa Februari, na katikati ya Machi mvua za masika zinaanza, shamba la chini kule kuelekea Boma Ng'ombe linataka mahindi na maharage. Mume wangu ni fundi Arusha, anakuja jumamosi jioni anaondoka jumapili. Nyumbani nipo mimi, mama mkwe ana miaka 78, na binti yangu wa mwisho yuko kidato cha pili. Usiku ule hatukulala, tuliongea mpaka jogoo akawika.

Tukauza mtamba. Alikuwa ameshika mimba kwahiyo bei yake ilikuwa nzuri, bima ilibeba sehemu, zingine nilikopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Watu walinisikitikia kwa kuuza ng'ombe ila sasa nikiangalia nyuma ni uamuzi nilioufanya sawa kuliko yote, maana hela ilipatikana na kazi ikapungua nusu kwa siku moja. Huwezi kupasuliwa bega huku una idadi ile ile ya mifugo uliyokuwa nayo ukiwa mzima. Punguza kabla, usisubiri uje kupunguza kwa bei ya shida umelala kitandani.

Na katika vitu vyote tulivyonunua kilichonisaidia ni mpira wa maji. Mpira tu wa bustani, kutoka bombani mpaka kwenye banda, mita kama 30. Miaka 24 nimebeba ndoo kutoka bomba lile lile, hatujawahi kununua mpira. Cha pili toroli. Cha tatu ni ubao alionitengenezea mume wangu, ameupigilia misumari miwili kwa chini ikatokeza kwa juu, unachomeka ndizi pale inatulia, unamenya kwa mkono mmoja na kisu, utomvu unabaki kwenye ubao. Mwanzo nilikuwa namenya ndizi moja kwa dakika mbili, mwisho wa mwezi nikawa naingiza sufuria ya mtori watu wanne wanashiba. Nywele nilisuka twende kilioni siku mbili kabla, nikajua wiki sita hamna kuzigusa.

Ya hospitalini sitayasema sana. Walinichoma sindano ya ganzi shingoni na nusu kaputi, nikaamka mkono umefungwa kwenye slingi, kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, na siuhisi kabisa, ni kama wamenifunga gogo la mgomba. Nesi akasema dawa za maumivu meza sasa hivi usisubiri ganzi iishe. Mi nikaona siumwi na chochote, nikaacha, nikalala. Saa nane usiku ganzi ikaisha. Jamani. Nimezaa watoto watatu, nisikilizeni, mezeni dawa kabla. Na kingine ambacho hawakuniambia, zile dawa kali za maumivu zinafunga choo, siku nne sikwenda, nilipopona ni kwa papai na maji mengi na kutembea tembea kwenye kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani.

Kulala nililala nimekaa. Tulikunja godoro la zamani tukaliegemeza ukutani, mto mmoja chini ya kiwiko ili mkono usirudi nyuma, na hivyo hivyo wiki tano. Ukilala chali kabisa bega linavuta mpaka unaona nyota. Kuvaa ni madera, na mkono mgonjwa unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho, hiyo ukiikosea mara moja hutaisahau. Kwapani panatoka jasho panachubuka, kwahiyo nilikuwa nasimama nainama mbele kwenye meza, mkono unaning'inia wenyewe bila kuunyanyua, binti ananipangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu ananikausha. Barafu hatuna friji, dukani kwa jirani walikuwa wananigandishia chupa za maji, nazungushia kitambaa naweka dakika 15. Khanga ndo iliyonishinda, kujifunga khanga kwa mkono mmoja nilijifunza wiki ya tatu, unabana pindo moja kwa tumbo kwenye ukingo wa meza, unazungusha, unapenyeza.

Wanawake wa mtaani walinihudumia kama mzazi. Mtori unakuja kwenye chupa ya chai, mwingine analeta kuni, mwingine anafagia uwanja hata hajaniamkia. Mi kupokea kulinishinda. Nilikuwa natoka nje na slingi yangu nasema acha nitafanya, mpaka siku moja mama mkwe akaniita chumbani akasema, "Mwanangu, wewe msiba wa baba yao ulipika siku saba hapa. Hawa wanalipa. Usiwanyime." Nikasema sawa mama. Kuanzia hapo nikakaa.

Sasa ng'ombe. Tulimpata kijana wa kukamua ila nilimleta wiki moja tu kabla ya upasuaji, na hilo ni kosa, ningemleta mwezi mzima. Ng'ombe anamjua anayemkamua, mkono wake, harufu yake, hata wimbo. Mimi huwa namsemesha. Kijana alikuwa ananyamaza na anakamua kwa kuvuta chuchu kwa vidole viwili, ng'ombe anabana maziwa, kutoka lita 9 kwa siku tukashuka 6. Na maziwa yakibaki kwenye kiwele hayakai salama. Wiki ya tatu nikaenda bandani jioni nikamwambia akamulie michirizo ya kwanza kwenye kikombe cheusi nione, robo ya kiwele ya nyuma kushoto maziwa yana mabonge mabonge kama mgando, nikaigusa kwa mkono wa kushoto, ya moto na ngumu. Ugonjwa wa kiwele. Bwana mifugo akaja akatibu, na kwa siku zote za dawa na zile za kusubiri baada ya dawa maziwa ya ng'ombe mzima yanamwagwa, hauzi, hanywi mtu.

Nilikasirika sana na yule kijana, halafu usiku nimekaa kwenye godoro langu nikafikiria, nani alimfundisha? Mi nilimwonyesha siku moja nikaona ameelewa. Kesho yake nikaweka kiti bandani. Kila kukamua nikawa nakaa pale, yeye anaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, namwambia kamata chuchu kwa kiganja kizima, funga kuanzia juu na kidole gumba na cha shahada halafu vingine vinafuata kushuka, usivute, ukamue. Mimi namsemesha ng'ombe. Siku ya tano yule kijana akaanza kumsemesha mwenyewe, kwa kilugha chao cha kwao, na maziwa yakaanza kushuka. Tulirudi lita 8. Ile tisa hatukuiona tena mpaka mwezi wa sita, basi, inatosha.

Mazoezi yalianza siku ya pili tu baada ya upasuaji, watu wanadhani wiki sita ni kukaa bila kufanya kitu. Vidole, kifundo, kiwiko vinakunjwa kila siku. Halafu lile la kuinama, mkono wa kushoto umeshika meza, wa kulia unauachia unaning'inia kama ndoo kwenye kamba ya kisima, unayumbisha mwili sio mkono, mkono unafuata. Ugumu wake ni kuuachia. Misuli inabana yenyewe kwa woga, unaweza ukainama dakika tatu na bado bega limekaza limepanda karibu na sikio, binti wa fizio alikuwa ananiwekea kidole tu begani anasema, "Mama, huyu bado ameshikilia." Mara nne kwa siku. Nikayafunga na ratiba ya ng'ombe, akimaliza kukamuliwa na mimi naanza, na ndo maana sikuruka.

Wiki ya sita slingi ikatoka. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi inachubuka kama ya nyoka, na kufikia usawa wa bega haufiki. Mume wangu akafunga kapi kwenye boriti ya ukumbi wa nje, kamba imepita juu, huku mkono wa kushoto huku wa kulia, wa kushoto unavuta chini wa kulia unapandishwa. Hapo bado mkono haujiinui, unainuliwa. Na fimbo ya kulala kwenye mkeka, na vidole kupanda ukutani kama buibui, binti yangu alichora alama za chaki na tarehe kwenye mlango wa jiko. Zipo mpaka leo, hatuzifuti.

Halafu ikaja wiki ya tisa, na hii ndo sababu ya mimi kuandika.

Maumivu yalikuwa yameisha. Hamna aliyenitayarisha kwa hilo vya kutosha, walinionya kuhusu maumivu lakini siku unaamka huumwi, umelala usingizi mzima, mkono umefika usawa wa uso, mwili wote unakuambia umepona. Mvua ilinyesha jumanne usiku ile kubwa, ile ya harufu ya udongo. Jumatano saa kumi na mbili tuko shamba la chini, wanawake sita wamekuja kunisaidia kupanda, mi nimekuja na mfuko wa mbegu shingoni, kazi yangu ni kudondosha mahindi mawili kwenye shimo na kufukia kwa mguu. Nikafanya hivyo mpaka saa nne. Udongo ulikuwa mzuri, mlaini, hauhitaji nguvu, jembe linaingia lenyewe. Dada mmoja akaenda kunyonyesha akaacha mstari wake. Nikashika jembe. Nikasema nimalizie mstari wake tu, nalishikia kushoto, kulia inaongoza. Nilichimba mashimo kumi na kitu, sikusikia kitu. Nikaingia mstari wa pili. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mti na maharage, akapiga kelele jina langu lile la kuzaliwa, ambalo haniitagi, nikaachia jembe.

Usiku bega likavimba, likawa la moto, na ile hali ya kuchanika nikaisikia tena au nilidhani naisikia, sijui, kwa hofu huwezi kutofautisha. Asubuhi nikaenda kwa fizio nimefunga slingi mwenyewe, sikuweza hata kumuangalia. Hakunigombeza. Wakapiga ultrasaundi, kano ipo, imeshika, ila imevimba pande zote. Nikarudishwa slingi wiki mbili na mazoezi yakarudi nyuma. Ilikuwa bahati, aliniambia wazi, kuna waliokuja na jambo kama hilo na kano imeng'oka yote.

Nikamuuliza sasa mbona siumwi. Akasema kilichokuwa kinauma mwanzo ni kidonda, nyama iliyokatwa na uvimbe, na hicho kinapona mapema. Kano kushikana na mfupa ni kitu kingine, damu inayofika pale ni kidogo, ile wiki ya tisa imeshikwa zaidi na nyuzi za daktari kuliko na yenyewe. Nikakaa nalo hilo kwenye daladala nikaja kulielewa nimesimama kwenye kihamba mbele ya mparachichi wa kubebesha, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa kwenye shina la mwingine. Mche ukibebesha, unafunga pale kwenye kiungo kwa nailoni, na baada ya wiki kadhaa unaona kikonyo kinatoa jani jipya. Anayejua hafungui nailoni kwa kuona jani. Jani linaweza kutoka kwa maji yaliyokuwemo ndani ya kikonyo, kiungo chenyewe bado ni kibichi, ukikitikisa kinatoka na jani lake. Mimi nimeshabebesha miparachichi zaidi ya ishirini, nawafundisha wenzangu kikundini, msiguse, msiguse. Na bega langu nilikuwa nimeliona jani.

Baada ya hapo nilienda kwa tarehe, sikwenda kwa nilivyojisikia. Niliandika kwenye kalenda ya ukutani pembeni ya tarehe za ng'ombe, lini anatarajiwa kuzaa, lini dawa ya minyoo, na chini yake lini kikombe, lini jagi, lini ndoo nusu. Wiki ya 14 kwa vile nilirudi nyuma, tukaanza nguvu. Tyubu ya baiskeli ya zamani imekatwa ikafungwa kwenye nguzo ya banda, kiwiko kimebana mbavuni na khanga iliyokunjwa katikati, unavuta kwenda nje taratibu unarudisha taratibu. Kurudisha taratibu ndo kazi. Mara kumi, pumzika, mara kumi. Ng'ombe amezoea anaangalia tu anacheua.

Kuna kitu kuhusu mahindi nataka kusema. Yale yaliyopandwa wiki ile na wale wanawake bila mimi yaliota vizuri kuliko miaka niliyosimamia kila shimo. Mvua ilikuwa nzuri mwaka huu, ni kweli, lakini pia hawakupanda kwa nafasi zangu za mazoea, dada mmoja alikuja na kamba aliyoipigia mafundo akapima mstari mzima. Mi nilikuwa nakadiria kwa hatua. Sasa kamba yake ninayo.

Leo ni mwezi wa 11. Mkono unafika juu, ile alama ya mwisho ya chaki ni ya mwezi wa tisa. Kuupeleka nyuma mgongoni bado, kufunga sidiria binti ananifungia au naifungia mbele nazungusha. Baridi ya Julai ilinikumbusha kila asubuhi. Kahawa nimechuma yote, tawi navuta kwa mkono wa kulia nachuma na wa kushoto, sijui kama nitageuza tena maana wa kushoto umekuwa mwepesi sasa. Majani hayapandi kichwani, yanakuja na toroli na tumepanda mabingobingo karibu na banda ili mtu asishuke bondeni. Deni la VICOBA limebaki marejesho mawili.

Na ng'ombe alizaa mwezi uliopita, jike. Juzi kijana alikuwa anampeleka ndama nje akaote jua, nikamuona mgongo anatoka getini, kamba ameizungusha kwenye kifundo mara mbili, anapiga mluzi. Nikamwita. Akasema, "Mama huyu mdogo hana nguvu." Nikamwambia njoo tu baba. Nikamfungua mwenyewe, nikamkunjia kamba kama inavyokunjwa, mikunjo imelala kwenye kiganja na vidole vimeifunga juu, nikaivuta kidogo aone inavyotoka. Akaishika hivyo, wakaenda.